Kutoka Getini Hadi Majini

Benchi la wabishi liko nje ya geti la bwawa la kuogelea la umma, chini ya kibao kilichoandikwa: ASIYEONA HARUHUSIWI KUINGIA BILA MSINDIKIZAJI. Miaka yote wanakunywa kahawa chini yake, na hakijamkera mtu. Leo kinamkera Filimbi, mwokoaji wa bwawa kwa miaka tisa. Juzi alimrudisha mama mmoja mwenye fimbo nyeupe, na mama akamwambia “Asante, mwanangu,” bila kununa. Hiyo asante haijamtoka kichwani. Meneja amesema kibao kitatoka akiletewa, kabla ya saa sita, mpango wa ukurasa mmoja wa jinsi asiyeona atakavyoingia salama peke yake. Karatasi iko mapajani mwa Filimbi, nyeupe pe.

— Si mnajua kila kitu nyie? Haya, nisaidieni.

— Hilo nalo la kuumiza kichwa? akasema Fundi Bomba. Funga kengele kila pembe, basi.

— Zikilia zote atajua ipi ni ipi? akadakia Mwalimu, mstaafu aliyegoma kustaafu. Weka redio. Kwenye kina kirefu taarifa ya habari, kwenye kifupi muziki.

— Na umeme ukikatika? akauliza Fundi Bomba.

— Aelee hapohapo mpaka urudi!

Kinyozi akatua kikombe.

— Mnahangaika bure. Maji yenyewe yaseme. Huku ya moto, huku baridi. Akihisi anaiva, ajue kafika.

— Utamchemsha mtu wewe!

— Basi huku chumvi, huku sukari. Aonje!

Filimbi alicheka mpaka karatasi ikamwanguka. Alipoinama kuiokota akasikia fimbo ikigonga lami, na kicheko kikamkauka. Mama yuleyule.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Msindikizaji sina, nina swali tu. Kutoka hapa getini hadi ukingo wa maji ni hatua ngapi?

Fundi Bomba akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama kahawa yake. Filimbi, anayepita pale mara hamsini kwa siku, hakuwahi kuzihesabu. Aliona aibu kwelikweli.

— Sijui, mama. Nisamehe. Na ya juzi pia.

— Ya juzi yamekwisha. Nipe kiwiko. Tukikata kona, sema, tukishuka, sema. Kuogelea najua tangu hujazaliwa. Nisichojua ni njia.

Wakaingia. Benchi zima likatega sikio: moja, mbili, tatu… Mwalimu alihesabu kwa vidole, vikamwishia. Kwenye thelathini na moja fimbo ikagonga ukingo.

— Na ngazi ya kushukia majini, vipandio vingapi?

— Vinne! Ngoja, mama, nihakikishe.

Baada ya muda Filimbi akatoka mbio, suruali imelowa hadi magotini. Akainyakua karatasi, akaandika amesimama: Hatua thelathini na moja. Kona moja, kulia. Vipandio vitano.

— Saa ngapi?

— Saa nne, akasema Kinyozi. Kahawa yako imepoa.

— Iacheni. Nampelekea meneja hii sasa hivi. Fundi, bisibisi unayo?

— Ninayo. Ya nini?

Filimbi akanyoosha kidole juu ya vichwa vyao, kwenye kibao.