Bibi Hataki Kupanda Daraja

BIBI: Haloo? Nani huyo? Paza sauti, mtandao unakoroma.

MJUKUU: Mimi, Bibi. Shikamoo.

BIBI: Mimi nani? Akina mimi wako wengi.

MJUKUU: Mjukuu wako! Yule mtengeneza michezo ya simu.

BIBI: Alaa, mume wangu! Marahaba. Leo jua limechomoza upande gani? Nani kafa?

MJUKUU: Hakuna aliyekufa. Ni... ni kazi tu.

BIBI: Kazi. Haya, sema.

MJUKUU: Ile gofu niliyokuwekea kwenye simu. Bado unacheza?

BIBI: Kila siku, nikishafagia na kuosha kikombe. Chenyewe kimoja, hakinichukui muda.

MJUKUU: Sasa nimepewa kazi ya kupanga madaraja upya. Nani afuzu kupanda, nani abaki. Maana kuna mafundi wanajificha daraja la chini. Wanashindwa makusudi, wasipandishwe, wapate kuwaonea wanaojifunza.

BIBI: Hawana haya!

MJUKUU: Basi nimeuagiza mfumo uwasake. Umeniletea majina. Na wewe umo.

BIBI: Mimi? Nimwonee nani, na miwani yenyewe ina mguu mmoja?

MJUKUU: Mashimo yote unapiga vizuri mno. Ukifika lile lenye bwawa, mpira majini. Kila mchezo, Bibi.

BIBI: Si upepo—

MJUKUU: Upepo wa huko naupanga mimi.

BIBI: Haloo? Inakatika.

MJUKUU: Haikatiki. Niambie tu.

BIBI: Si unajua huko hatuandikiani? Mmetuwekea vitufe vya maneno. "Hongera." "Fanya haraka." "Pole sana."

MJUKUU: Ndiyo, watu wasitukanane.

BIBI: Basi yupo mmoja anajiita Fundi Saa. Sura simjui. Wengine mpira wangu ukizama wanaondoka zao. Yeye anabonyeza "Pole sana", halafu ananingoja.

MJUKUU: Kwa hiyo unauzamisha... makusudi?

BIBI: Babu yako aliponitoka, pole zote nilipewa siku ya maziko. Watu wakapanda magari yao, wakaenda. Simlaumu mtu.

MJUKUU: Bibi, mimi wakati ule nilikuwa na—

BIBI: Kazi. Najua. Huko juu kukoje?

MJUKUU: Mbio tupu. Ukichelewa kidogo zamu imekupita. Hakuna mwenye nafasi ya kubonyeza neno.

BIBI: Basi niache hapa chini.

MJUKUU: Na wale wengine niwaambie nini? Sheria ikianza kuuliza huyu ni bibi wa nani, imekwisha.

BIBI: Mkaidi kama babu yako!

MJUKUU: (mtandao unakwaruza) ...ila naweza kukuruka. Nikafuta jina kimyakimya. Hakuna atakayejua.

BIBI: Wewe hutajua?

MJUKUU: Nitajua.

BIBI: Umeona? Hapana, baba. Nipandishe. Ila kesho, leo niachie.

MJUKUU: Umuage? Kitufe cha kwaheri hatukuweka.

BIBI: Sikihitaji. Leo nitapiga kweli kweli, nimfunge hata kwenye lile shimo la bwawa. Sisi wazee, mwenzetu akitoweka mchezoni, tunajua kaenda wapi. Nataka aone nimepanda. Asije akanililia bure, naye labda yuko peke yake.

MJUKUU: Bibi...

BIBI: Ngoja, simu inanitetemekea sikioni. Kaingia mchezoni huyo.

MJUKUU: Jumapili nitakupigia. Si kwa kazi.

BIBI: Sawa, mume wangu.

MJUKUU: Kweli, Bibi!

BIBI: Si nimesema sawa? Haya, kwaheri, mtu wa watu ananingoja—

MJUKUU: Subiri kidogo, sijakuuliza hata hali yako— Bibi? Haloo? Haloo?