Bado Mmoja: Maisha ya Kaka Yetu, Mwalimu wa Jiografia na Kocha wa Mpira wa Kikapu

Kaka yetu mkubwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Mimi ninayewasomea ni kitinda mimba wao. Mama alizoea kusema kwamba alitanguliza miguu kutoka, na tangu siku hiyo hakufanya jambo lolote kwa njia rahisi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, na sekondari mwaka 1975. Huko ndiko alikopenda mpira wa kikapu, ingawa mpira wenyewe haukumpenda. Alikuwa mfupi, na mikono ilikuwa mizito. Jioni moja kocha wao aliamuru kila mchezaji atumbukize mtupo mmoja huru ndipo aende zake. Wenzake wakafunga, wakabeba mikoba, wakaondoka. Kocha naye akaondoka. Kaka akabaki anarusha peke yake hadi mlinzi alipomtoa. Alifika nyumbani macho mekundu, baba akamtania, "Kukosa goli tu ndiyo ulie hivyo?" Akajibu, "Silii kukosa, baba. Nalia kuachwa."

Baada ya chuo cha ualimu, mwaka 1984 aliajiriwa kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ambayo hakuihama hadi alipostaafu mwaka 2021. Akawa kocha, na akairudisha kanuni ile ya mtupo mmoja, ila aliipindua: aliyefunga haondoki. Anasimama kando ya mstari, kimya, bila kucheka, mpaka wa mwisho naye afunge. Kaka alikuwa akinyoosha kidole kimoja juu na kusema, "Bado mmoja." Likawa jina lake. Wazazi walilalamika watoto wanachelewa, mkuu wa shule akamwita ofisini. Wapi! Ukimkanya leo, kesho anarudia. Tusidanganyane mbele ya jeneza, timu yake ilifungwa kuliko ilivyofunga, na kombe alileta moja tu. Lakini geukeni mwone wanaume na wanawake wazima waliojaa nyuma huko. Wote hao ni wachezaji wake.

Mwaka 1988 alipeleka jezi kwa mshonaji wa karibu na shule ziwekwe namba. Binti yule akaishona sita kichwa chini, timu ikaingia uwanjani na tisa mbili, mwamuzi akasimamisha mchezo. Kaka alitoka mbio kwenda kugomba. Alirudi na jezi ile ile, haijarekebishwa, anatabasamu peke yake. Walifunga ndoa tarehe 8 Aprili 1989. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwapo waliomshauri aoe mwingine, na wengine mmekaa hapa hapa. Aliwajibu kwamba timu yake imekamilika.

Mwaka 2022 alianza kukwaruza sauti. Tulidhani ni zile kelele za uwanjani, kumbe ni saratani ya koo. Alifanyiwa upasuaji, na sauti iliyokuwa ikisikika hadi barabara ya pili ikatoweka kabisa. Akawa anazungumza kwa mikono, na wifi yangu akawa mkalimani. Nilimkasirikia Mungu, na sitasema uongo kwamba nimeshapoa.

Jumapili tarehe 9 Juni 2024, mchana, daktari alituita na kusema tukae karibu. Wachezaji wake walikuwa wameshajaa ukumbini mwa hospitali. Nesi akawaambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Akajibu dereva wa lori, jitu la miraba minne ambalo enzi zake lilikuwa la mwisho kufunga kila jioni: "Sista, yeye hakuniacha hata siku moja. Leo nitoke niende wapi?" Nesi akawapisha. Wakazunguka kitanda, kimya, mikono nyuma, kama walivyofundishwa.

Kaka aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akanyoosha kidole kimoja juu. Dereva akainama, "Tupo, Mwalimu. Hatuondoki mpaka umalize." Kaka akatikisa kichwa, kukataa. Akakiteremsha kile kidole polepole hadi kikamwelekea mkewe, aliyekuwa amekaa miguuni pake, amemshika nyayo. Hapo sote tukaelewa. Hakukinyanyua tena.

Marehemu ameacha mjane, wadogo zake wawili, wapwa, na wanafunzi wasiohesabika. Miaka yote hiyo alikuwa wa mwisho kutoka uwanjani, yeye ndiye aliyefunga geti. Leo, kwa mara ya kwanza, ametangulia.

Basi nawaomba, ndugu zangu. Jioni viti vitarudishwa na turubai litashushwa, na kila mtu atakumbuka kwake. Kabla hujabeba mkoba wako, mtazame wifi yangu. Bado mmoja.

Lala kwa amani, kaka. Tumesimama naye.