Askari wa Kichwani na Jani la Isale

Sogeeni, wanangu. Flavia, kaa hapa kitandani, na wewe Fredy zima hiyo redio, maana haya ya leo sikusimuliwa na mtu, yote niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na mwenye kubisha akabishane na mlima.

Daktari wa utafiti kule mjini Moshi alinitoa damu chupa sita. Mwingine angezimia, mimi nikamuuliza kama anataka na ya saba. Kisha akaniinamisha kwenye darubini. Wanangu! Nimepanda mpaka kwenye barafu na mizigo ya Wazungu watatu kichwani, lakini sijaona maajabu kama yale. Ndani ya tone moja la damu mna askari, wako hai, wanatambaa, wanashika doria. "Na kichwani wako wengine, mzee Filemon," akasema, "hao wanafagia takataka za ubongo." Nikamwambia, "Basi wangu wamegoma, daktari." Akacheka mpaka miwani ikamteleza, halafu akaacha kucheka. Akasema ukoo wetu una alama kwenye damu, inarithiwa kama pua, na askari wa mwenye alama hiyo huchoka mapema, takataka zikarundikana, kumbukumbu ikafukiwa. Alama si hukumu, alisema, yupo anayeibeba asiugue. Mimi nimeugua. Nina miaka hamsini na sita, na msimu uliopita nilichuma kahawa mbichi nikaacha nyekundu mtini, kama alivyofanya Meku, babu yenu, mwaka ule alioanza kupotea.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Meku alipopotea, hapa Kibosho hatukusema ni ugonjwa. Tulisema amelogwa. Wazee wakasema kikulacho ki nguoni mwako, wakamtazama shangazi Salvina, dada yake, na mimi nikasimama mbele ya ukoo nikashuhudia kwamba nilimwona akitia unga mweusi kwenye kata ya pombe ya mbege ya Meku. Akafukuzwa siku ileile, na migomba yake nikailima mimi. Kumbe kilichotula kilikuwa ndani zaidi ya nguo, kwenye damu yenyewe.

Leo Salvina yuko Majengo, kule mjini, chumba cha kupanga kwa Bi Maulida, ana miaka themanini na minne, na anakumbuka hata rangi ya mbuzi aliyechinjwa nilipobatizwa. Daktari aliposikia hayo aliweka kalamu chini. Wanatengeneza sindano ya kuwaamsha askari waliochoka. Bado ni majaribio, asiwadanganye mtu. Lakini wanamtafuta mtu wa damu hii aliyezeeka na akili timamu, waone askari wake wanafanyaje. Mlima wote huu, wanangu, na kinachotafutwa kiko kwenye mkono wa bibi tuliyemtupa! Daktari alimfuata. Akajibiwa, "Damu ya mchawi mnaitakia nini?"

Kwa hiyo shikeni haya. Nyumba na kihamba, hili shamba la ukoo, ni vya Fredy, kitindamimba, kama desturi. Ila migomba ya chini ya mfereji irudi kwa Salvina, na kahawa iliyomo. Flavia, wewe mkubwa, kata pale mpakani jani la isale, lile la kupatanisha, lifunge fundo, umpelekee kwa mikono miwili, shikamoo ikitangulia. Isale halikataliwi, lakini yule tulimvunjia desturi zote, basi akilikataa, kaeni mlangoni. Msimwombe damu. Mwombeni msamaha, damu ni yake. Nanyi mkapime, kabla kahawa mbichi haijaanza kuwapendeza macho.

Maji, Flavia... Nilikuwa nasema habari ya nani? Ee. Salvina. Mungu awape askari wasiosinzia, mnijue nyinyi siku ambayo mimi siwajui. Fredy, nishike mkono... hapo.

Na mwambieni hili, maana nikilisahau hakuna mwingine anayelijua. Askari niliwaona. Kahawa niliiona. Ila ile kata ilikuwa na mbege tu. Unga niliutunga mimi... ukoo mzima ulikuwa umenyamaza, wananisikiliza.