Vipimo vya Mama Ingabire

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya cherehani ya Ilyasi, hapa Gikondo, ubavuni mwa gereji. Kahawa ya tangawizi, vikombe vinne. Mkesha wa Noeli tulimkuta Ilyasi anashonea ndevu za pamba kwenye kofia nyekundu ya Pere Noeli, yule babu wa zawadi, na mimi ile kazi sikuipenda hata kidogo. Aliyeiagiza ni mwenzetu wa benchi, Habumugisha, baba wa Ingabire, mtoto wa miaka sita. Mama yake tulimzika Agosti, jeneza nimelishika mimi mwenyewe. Wiki ile ya msiba mtoto walimpeleka Kabuga kwa shangazi, na aliporudi wakamwambia mama amesafiri.

— Mimi Mwislamu, na Pere Noeli namshonea nguo kila mwaka, akasema Ilyasi. Peremende, mpira, sawa. Mwaka huu mtoto ameomba nini?

Habumugisha akatazama kikombe chake.

— Ameomba mama yake. Nilishamwambia Pere Noeli analeta chochote ukiwa na adabu. Tangu hapo anaosha vyombo bila kutumwa.

— Mana we, Mungu wangu! nikasema.

Bayingana wa gereji, tunayemwita Breki kwa kuwa mdomo wake hauna, akadakia:

— Sha, kwa mtoto uongo iko dawa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini? akauliza Ilyasi.

— Cha furaha! Avae ile nguo, aseme mama iko njiani, gari imeharibika.

— Na mwakani?

— Mwakani viza imekataa.

— Akifika miaka kumi?

— Basi mnamuua Pere Noeli! Breki zimekata mteremko wa Rebero, zawadi zote zimeungua. Mtoto analia siku mbili, kesi imeisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Ilyasi akasimamisha cherehani.

— Mwenzako ameshindwa kusema kifo kimoja, wewe unamwongezea cha pili?

Hapo nikatoa kilichonikaa rohoni tangu Agosti.

— Mwambie leo, Habumugisha. Ukivaa hizo ndevu, siku akijua atakuchukia wewe, si Pere Noeli.

— Mwambie wewe basi! akasema, machozi yakimtoka. Kila nikifungua mdomo namkuta anacheka. Nitaanzia wapi?

Ilyasi akaitupa kofia chini ya meza haraka, maana Ingabire mwenyewe alikuwa anavuka barabara na kitenge kifuani. Akatusalimu mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kama mama yake alivyomfundisha. Kisha akakiweka kitenge juu ya cherehani.

— Mzee Ilyasi, mama anafika kesho na hana nguo ya Noeli. Vipimo vyake bado unavyo?

Anavyo, kwenye daftari lake, tangu harusi. Akalishika lile daftari, hakulifungua. Breki akaisukuma kofia kwa mguu, ndani zaidi chini ya meza.

Mtoto akamgeukia baba yake.

— Aliposafiri alikuwa amekonda, baba. Atakuwa amenenepa sasa?