Resty Biira, Nesi Aliyerudisha Majina

Jumanne tarehe 14 Machi 2017, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mpunga wa Mubuku simu ilipolia. Shemeji yetu Gidioni alisema, "Biira amelala." Tulidhani ni usingizi. Tulisikiliza maji ya mfereji yakipita, mpaka tukaelewa.

Dada yetu alizaliwa Bwera tarehe 9 Juni 1974, binti wa marehemu mzee Danieri. Kwetu Bakonzo jina hufuata nafasi ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Alisoma Bwera, akahitimu uuguzi mwaka 1997. Mwaka 1999 alifunga ndoa na Gidioni kanisani Rukoki.

Mwaka 2010 alihamishiwa kazi wodi ya wagonjwa wa akili. Alilia, akamwomba Mungu amtoe huko. Manesi wenzake walimtania: "Resty, kesho utasalimia ukuta!" Mama mkwe wake, Mama Alisi, akakataa kula chakula cha mkono wake.

"Wazimu inaambukiza," alisema.

"Mama, ingekuwa inaambukiza, ningeanza na kupika mawe."

Ndipo akaletwa mwanamume aliyeokotwa sokoni Mpondwe. Hakujua jina lake. Wodini walimwita Wa Soko. Biira aliketi kando yake asubuhi nzima, mwanga ukitembea taratibu sakafuni, akamuuliza, "Kaka mbele yako beko wangapi?"

Akainua vidole vinne.

"Basi wewe ni wa tano. Wewe ni Thembo."

Mtu yule akalia. "Mama alikuwa naita mimi vile."

Tangu siku hiyo Biira hakuomba tena kuhamishwa. Hata wale waliomtania walianza kuwauliza wagonjwa kaka na dada zao wako wangapi.

Mwaka 2015 alipatwa na kansa ya titi. Mwishoni homa ilimchukua mbali; hakututambua, wala hakujitambua. Gidioni aliinama akamuuliza, "Dada mbele yako beko wangapi?" Akainua kidole kimoja. "Basi wewe ni Biira." Alitabasamu, akafumba macho, Bwana akampokea.

Ameacha mume, watoto Bright na Ronah, Mama Alisi, na dada yake Masika Ketura.

Jana jioni mwili ulipofika Rukoki, Thembo alikuja kutoka Bwera amevaa shati jeupe. Watu walimwachia nafasi kubwa, kwa woga. Mama Alisi akajisogeza mkekani, akamwambia, "Thembo, ikala hapa." Aliketi. Kisha akaweka mkono juu ya sanduku, akasema, "Biira."

Bwana aliyekujua kwa jina akupumzishe kwa amani.