Boti ya Sabina Haionekani Kwenye Simu

Kijiwe cha Gasket kipo Karatu, mbele ya gereji, pembeni ya lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Viti vyake vilitolewa kwenye Land Rover mbili zilizokufa, vikaegeshwa ukutani, na anayekaa katikati huinuka suruali ikiwa imechorwa na springi. Wenyewe ni watatu. Fabian, fundi na mwenye gereji, ndiye Gasket, maana gari lolote likiletwa, hata lenye pancha, yeye atasema ni gasket ya injini. Patrisi, dereva wa watalii, ni Big Five, kwa kuwa mwaka fulani aliwaonyesha wageni wake wanyama wote watano kabla ya saa nne asubuhi, na tangu siku hiyo hana hadithi nyingine. Modest ni Mheshimiwa: amegombea udiwani mara mbili, akaanguka mara mbili, na jina wamempa ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Kahawa ni ya Marsela. Anaifuata mbichi Oldeani, anaikaanga mwenyewe, anaitwanga mwenyewe, na asubuhi ile ya Novemba alikuwa anaimimina nje ya vikombe.

Na si bure. Binti yake Sabina alikuwa baharini, huko kusini kabisa, katikati ya Cape Town na Australia, na tangu jana boti yake ilikuwa haionekani kwenye ramani ya mbio katika simu ya Big Five.

Sabina alikuwa mpishi wa lodge. Mgeni mmoja, mama mwembamba wa Kiingereza anayeandaa mbio za boti za tanga za kuzunguka dunia, alimwona akipikia watu arobaini huku umeme umekatika na mpishi mkuu ameingia mitini. Akampa fomu. Kumbe mbio zile hazitafuti mabaharia. Zinachukua watu wa kawaida, wauguzi, walimu, wapishi, zinawafundisha wiki nyingi kwenye baridi ya Uingereza, halafu zinawagawa kwenye boti kumi na moja zinazofanana kila kitu, kila boti na nahodha mmoja wa kweli. Fomu ikauliza: kwa nini unataka kushiriki? Sabina akaandika, sijawahi kuona mahali pasipo na mlima. Wakamchukua.

Marsela hakutaka. Yeye ni Mwiraqw wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Ziwa Manyara, tena kwa juu, akiwa ndani ya basi. Sabina alipopiga simu kutoka Cape Town kuomba baraka, Marsela alimwambia: "Bahari umeichagua mwenyewe, basi bahari iwe mama yako." Akakata. Familia zinaruhusiwa kuwaandikia watu wao walio majini, na mara tatu Big Five alijitolea kumwandikia. Mara tatu Marsela alijibu kwamba hana la kusema. Usiku wa jana hakulala, maneno yale yakimrudia moja moja.

— Hebu fungua tena, Big Five, alisema Mheshimiwa.

— Nimefungua. Ni zile zile kumi. Nyekundu ipo, kijani ipo, hii ya njano bado inazubaa. Ya zambarau, ya Sabina, hamna.

— Shusha ramani.

— Nimeshusha mpaka kwenye barafu, Mheshimiwa! Unataka nishuke wapi tena?

— Mimi nawaambia ni umeme, alisema Gasket. Kile kifaa kinachotuma habari kina betri. Betri inachajiwa na alternator. Alternator ikiingia maji ya chumvi, kwisha kazi.

— Boti ya tanga ina alternator?

— Ina injini ndogo kwa ndani. Na penye injini, wazee, pana gasket.

— Nilijua tu utafika huko!

— Siyo umeme, alisema Big Five. Ni nyangumi. Mimi tabia za wanyama nazijua. Nyangumi dume akifukuzwa kundini ni sawa na nyati mzee kule kreta. Hapigi kelele, hatishii, anakuja tu.

— Wewe nyangumi umemwona wapi?

— Nyati nimemwona.

Nyati Marsela alimjua vizuri. Mmoja alimmaliza shemeji yake pembeni ya msitu, mchana kweupe. Akaliweka birika jikoni kwa kishindo mpaka makaa yakaruka.

— Jamani, mama yake yupo hapa, Gasket alinong'ona, kwa sauti iliyovuka barabara.

— Mama Sabina ni mtu mzima, anataka ukweli, alisema Mheshimiwa. Na ukweli ni kwamba waandaaji wamemfuta. Juzi alikuwa wa ngapi? Wa nane. Jana asubuhi? Wa saba. Mtoto wa Karatu anapanda, wenye mbio zao wanaona aibu, wanabonyeza, anapotea. Kura zangu mimi zilipotea hivi hivi, naangalia kwa macho yangu.

— Kura zako hazikupotea, Mheshimiwa. Hazikupigwa.

— Cheka tu. Halafu mbio gani hizi? Nimeuliza zawadi ni nini, nikaambiwa ni kikombe. Mtu anazunguka dunia nzima, anatapika bahari nne, anapewa kikombe! Hapo kuna jambo. Hao wanapima bahari za watu kwa siri, mbio ni kisingizio. Boti ikishaona kitu isichotakiwa kuona, inazimwa.

— Kitu gani?

— Ningekijua ningekuwa hapa na ninyi?

Big Five hakukubali kuachwa nyuma.

— Sikilizeni. Kuna mstari baharini, tulifundishwa jiografia. Ukiuvuka, tarehe inabadilika. Mimi nafikiri Sabina ameuvuka. Sasa hivi yuko jana.

— Yuko jana?

— Yuko jana. Na simu yangu inaonyesha leo. Utamwonaje?

Gasket alikuna kichwa, akahesabu kwa vidole vyenye grisi.

— Kwa hiyo tukingoja mpaka kesho, tutamwona leo.

— Hapo sasa umenipata.

— Nyamazeni!

Katika miaka sita ya kahawa hawakuwahi kumsikia Marsela akipaza sauti. Alisimama na kitambaa cha birika mkononi.

— Mnapiga porojo kana kwamba ni mpira. Mtoto wangu yule! Anayejua alipo aseme. Asiyejua anywe kahawa yake akatafute kazi. Patrisi, ofisi yao imejibu?

— Bado, Mama Sabina. Nimewaandikia tangu jana jioni. Sasa hivi Uingereza ndiyo kwanza kunapambazuka. Wakifungua tu...

— Wakifungua, alisema Marsela, akaanza kufuta kikombe kilichokwisha kukauka.

Ndipo mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama kando ya lori akasogea, shuka nyekundu begani, fimbo mkononi. Alikuwa ametoka Soitsambu na ng'ombe wa mnada, lori likaharibika breki, na Gasket alikuwa amemwahidi "dakika kumi" zaidi ya saa nzima iliyopita. Jina lake Koinet. Akasalimia, akapewa kahawa, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, halafu akaomba kuona hiyo simu iliyoleta ugomvi. Big Five akamwelekeza: haya yote ni maji, hizi nukta ni boti, kila moja inataka kufika pale kwanza. Moja imepotea.

Koinet alipitisha kidole juu ya nukta moja moja.

— Mimi nauliza tu, alisema. Hawa wengine, wanaoshindana na mtoto wa mama, na wao wanaiona hii ramani?

— Wanaiona. Dunia nzima inaiona.

— Na huko kuna upepo mzuri na upepo mbaya?

— Sana tu. Wote wanawinda upepo.

— Sasa akishapata mzuri, kwa nini awaonyeshe?

Mheshimiwa aliinama kwenye simu. Gasket alimtazama Big Five, Big Five akaitazama simu. Marsela aliliweka birika chini, akasogea.

— Mvua ikinyesha nyuma ya mlima, mimi nimeona na jirani hajaona, aliendelea Koinet, natoka na ng'ombe alfajiri. Kengele zao nazijaza majani zisilie. Siku ya pili ndiyo atajua nilikwenda wapi. Huyo siku hiyo ananitukana, lakini hasemi nimekufa.

— Hii ni teknolojia, mzee wangu, siyo malisho, alisema Mheshimiwa.

— Big Five, alisema Marsela taratibu. Hiyo simu haina masharti ya mbio?

— Yapo. Kurasa thelathini na mbili. Kiingereza cha mahakamani kile, niliruka.

— Usiruke.

Big Five akasoma. Alisoma midomo ikitembea, akipandisha na kushusha kwa kidole gumba, na kahawa ikaisha kwenye vikombe bila mtu kuomba nyingine. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa alisimama wima.

— Aisee!

— Nini? Sema!

— Kila boti inaruhusiwa, mara moja kwa kila safari, kuficha mahali ilipo. Saa ishirini na nne. Ofisi inajua ilipo, wengine hawaoni. Imeandikwa hapa, mama, siyo fiksi zangu!

Marsela hakupiga kigelegele. Alitaka kuamini, akaogopa kuamini.

— Ilipotea saa ngapi jana?

— Mara ya mwisho niliiona saa nne na dakika kumi.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Hakuna aliyekwenda popote. Wageni wa Big Five walikuwa wanamngoja lodge, akawaambia kwa simu kwamba kuna tembo barabarani. Lori la Koinet lilibaki limeinuliwa kwa jeki, na mwenyewe akachuchumaa kama aliyekuja Karatu kwa jambo hilo tu. Saa nne na tano. Saa nne na kumi. Kumi na moja, hamna kitu, na Mheshimiwa akaanza kusema alichokuwa anasema kuhusu wapima bahari, Gasket akamfinya. Kumi na tatu.

— Ile pale!

— Wapi?

— Chini! Chini kabisa kusini, peke yake! Ya zambarau! Mama Sabina, ya zambarau!

Gasket alimkumbatia Mheshimiwa akampaka grisi shati zima. Big Five alikuwa anaruka.

— Wa pili! Kutoka wa saba mpaka wa pili! Kawazunguka wote!

— Nimeuliza kama anatembea, alisema Marsela, ingawa hakuwa ameuliza.

— Anatembea, mama. Anakimbia!

Alicheka, akajifuta macho kwa kitambaa cha birika, akajipaka masizi, akacheka tena. Mwili mzima ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Kisha akamgeukia Big Five.

— Patrisi, niandikie.

Hakuhitaji kumweleza amwandikie nani. Big Five akafungua mahali pa ujumbe.

— Sema, mama.

— Mwambie mvua imeanza. Mahindi ya bondeni tumepanda, ya juu bado. Ng'ombe amezaa, jike. Bibi yake wa Mbulu anamsalimia sana, mguu umepona kabisa. Germana wa jirani ameolewa, harusi ilikuwa nzuri, ila wali haukutosha. Mwambie...

— Mama Sabina, pole. Wanaruhusu maneno thelathini na tano tu. Yamebaki manne.

Marsela alipiga hesabu kimoyomoyo, akikunja vidole kimoja kimoja, mpaka akayapata.

— Andika: Nisamehe. Rudi salama, mwanangu.

Big Five aliandika, akamsomea, akabonyeza.

— Imeenda?

— Imeenda, mama.

Marsela akajiketia katikati ya kiti cha Land Rover, juu ya springi yenyewe, akalia kwa sauti mbele ya wanaume wanne, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.