Katoto Kalikong'ang'ania Shati la Fundi

Benchi letu linaegemea ukuta wa duka la vioo, na muuza kahawa hakosekani pale asubuhi. Siku hiyo Fundi Cherehani alikuja, akapokea kikombe, hakukinywa. Jana yake alikwenda kuitazama shule ya bweni inayosifiwa mji mzima, ampeleke binti yake wa miaka sita.

— Umepata nafasi? akauliza Matokeo. Jina hilo tulimpa sisi. Ufaulu wa kila shule yeye anao kichwani.

— Nafasi ipo. Lakini jamani, nimeona mambo! Nimefika saa ya mapumziko, uwanja mzima kimya. Watoto wamekaa tu, mikono magotini.

— Kimya kingi kina mshindo, Fundi. Mshindo wenyewe ndiyo hizo alama!

— Ngoja kwanza. Katoto kamoja, hata sikajui, kakaja kakang'ang'ania shati langu. "Baba, umekuja kunichukua?" Ikabidi matroni aje kukabandua vidole, kimoja kimoja.

— Lahaula! Mwenzetu Kipaza, sauti yake kama jina lake, akapiga ukelele, mpaka mwenye duka akachungulia. Wanawapa dawa hao! Vidonge vya kusahau kwao!

— Wamesahau, na huyu anamtafuta baba? akauliza Fundi.

— Dawa haijamkolea!

— Hakuna cha dawa, akasema Matokeo, ila sauti ilikuwa imepungua. Mpeleke. Haba na haba hujaza kibaba. Atalia leo, atalia kesho, mwishowe atazoea.

— Azoee nini, Matokeo? Kuita baba kila shati linalopita?

Mama mmoja aliyekuwa akinunua kahawa akatugeukia.

— Samahani, kaka zangu. Mimi mgeni hapa mtaani. Wangu anaanza darasa la kwanza, nafikiria shule hii ya jirani. Wenu wapo pale?

— Wangu yupo darasa hilohilo! Matokeo akachangamka. Mwaka jana shule ilipanda...

— Mwalimu wake ni nani? Ni mtu wa namna gani kwa watoto?

Matokeo akamtazama Kipaza, Kipaza akatazama barabara. Mtoto anasoma pale tangu shule zifunguliwe, na baba mtu hana hata jina la kutaja.

— Dada, akasema Fundi huku akiinuka, twende tukamwone huyo mwalimu. Na mimi wangu bado sijamwandikisha popote.

Wakavuka barabara. Hawajafika mbali, Matokeo akawakimbilia, kikombe cha watu mkononi.